Injini Hazikuzimika: Uzoefu Wangu na Vipindi vya Ajali Vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaificha. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikilipia huduma moja ya kutazama vipindi kwa intaneti, na sababu ya kuilipia ilikuwa moja tu: walianza kuweka vipindi vya uchunguzi wa ajali na vya manusura vikiwa vimeingizwa sauti za Kiswahili. Sikuhitaji mpira wala tamthilia, kwa maana hivyo vinapatikana kila mahali. Nililipa kwa ajili ya mama yangu.

Mama ni mzaliwa wa Kagera na anaishi nasi hapa Mwanza. Mdogo wake, mjomba wangu, alikuwa ndani ya MV Bukoba ilipopinduka tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebakiza mwendo mfupi tu kufika bandarini. Mama hakuwapo, lakini kama watu wengi wa ukanda huu wa ziwa anaijua habari ile kipande kwa kipande, hasa kile cha watu kutoboa tumbo la meli iliyokuwa bado inaelea kichwa chini ili waliokuwa ndani waokolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, na meli ikazama. Amekuwa akikirudia kwa miaka yote hii. Anapoambiwa kwamba ndivyo Mungu alivyopanga, huitikia amina, kisha baada ya kimya kirefu huuliza: lakini hewa ile ilikuwa inashikilia meli nzima?

Kwa hiyo mtu asishangae kwamba mama wa umri wake anapenda vipindi vya ajali. Havimtishi. Anavipenda kwa sababu haviishii kwenye kilio, bali vinaendelea mpaka kwenye skrubu iliyofungwa vibaya au bomba lililosuguliwa na bomba lingine, na mtu anaonyeshwa kwa kidole kilichotokea. Kwa miaka mingi tulivitazama kwa Kiingereza, mimi nikiwa pembeni yake nikimtafsiria kwa sauti ya chini, daima nikiwa nyuma kwa sentensi mbili tatu. Vilipokuja kwa Kiswahili niliona nimetuliwa mzigo, na yeye akaona amepewa macho yake mwenyewe.

Mwanzo ulikuwa mzuri, nami sina budi kukiri hivyo. Kipindi cha kwanza tulichokitazama kilihusu ndege ya Air Transat iliyokuwa ikitoka Toronto kwenda Lisbon mwezi Agosti 2001, ikiwa na watu 306. Injini ya kulia ilikuwa imefungwa kifaa kisicholingana na vingine, bomba la mafuta likasuguliwa mpaka likapasuka, mafuta yakamwagika juu ya Atlantiki usiku, na hatimaye injini zote mbili zikazimika moja baada ya nyingine. Ndege ile ilikwenda bila injini kwa takriban dakika 19, ikishuka polepole kama mwewe aliyetandaza mabawa, mpaka ikatua katika visiwa vya Azores. Matairi yalipasuka lakini hakufa mtu hata mmoja. Mama alipiga makofi. Akaniambia, "Kumbe ndege haianguki kama jiwe, mwanangu. Inabebwa."

Naomba msomaji aishike sentensi hiyo ya mama, kwa sababu ndiyo iliyofichua uchafu wa kipindi kilichofuata.

Baada ya siku chache, nadhani ilikuwa Jumapili, tulifungua kipindi cha ndege ya Air France namba 447, iliyoanguka Atlantiki tarehe 1 Juni 2009 ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, na watu wote 228 wakafa. Nilikuwa nakijua kisa hicho kwa Kiingereza, hivyo nikakaa kando nikisahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, nikiwa nimetulia kwamba safari hii sihitajiki. Nikasikia marubani wakipiga kelele. Nikasikia ile sauti ya kompyuta ya ndege, sauti kavu isiyo na hofu, ambayo katika kipindi cha asili hurudia neno moja la onyo mara nyingi sana. Katika Kiswahili chao sauti ile ilikuwa ikisema: "Injini imezimika! Injini imezimika!"

Kalamu ikasimama. Nilidhani nimesikia vibaya. Msimulizi akaendelea kueleza kwa sauti nzito kwamba injini zilikuwa zimezimika na kwamba marubani walishindwa kuziwasha, na mwishoni akatangaza kwamba chanzo cha ajali kilikuwa kuzimika kwa injini pamoja na uzembe wa marubani. Mama alikaa kimya kidogo, halafu akanigeukia.

"Ile ya juzi injini zote mbili zilizimika, ikaenda mpaka ikatua," akasema. "Hii nayo imezimika, mbona imeanguka kwa dakika nne? Si za aina moja hizi?"

Ndizo za aina moja, ndiyo. Zote mbili ni Airbus A330. Mama, ambaye shule yake iliishia darasa la nne, alikuwa ameona kwa kipindi kimoja kile ambacho mtafsiri, mhariri, msomaji sauti na mkaguzi wa ubora, kama yupo, hawakukiona katika kazi yao yote.

Injini za ndege ile hazikuzimika. Zilikuwa zikinguruma mpaka ndege inagonga maji. Kilichotokea ni kwamba mirija ya kupimia mwendo, ile inayotokeza nje karibu na pua ya ndege, iliziba kwa chembe za barafu walipokuwa wakipita katika mawingu ya mvua kubwa. Vipimo vya mwendo vikaanza kupingana, mtambo wa kujiongoza ukajitoa, na rubani aliyekuwa akiongoza, ndege ikiwa mikononi mwake ghafla katika giza, akavuta kijiti chake nyuma. Ndege ikainua pua na kupanda mpaka kama futi 38,000. Huko juu, pua ikiwa imeinuka kupita kiasi, hewa haikuweza tena kufuata mgongo wa mabawa, nayo mabawa yakaacha kubeba. Hali hiyo huitwa "stall", na hilo ndilo neno lenyewe ambalo kompyuta ilikuwa ikilipigia kelele. Kwa Kiingereza neno hilohilo hutumika pia kwa gari lililozimika barabarani, na mtafsiri, kwa kuwa analijua la gari, akaona limetosha.

Nilinyanyuka nikawasha feni ya mezani. Nikachana jalada gumu la daftari kuukuu na kumpa mama alishike kwa vidole viwili mbele ya upepo. Alipolilaza likiwa limeinama kidogo, upepo ulilisukuma juu, na akahisi vidole vyake vikivutwa. Nikamwambia aliinue ukingo wa mbele zaidi. Likazidi kupanda. Zaidi tena. Hapo likaanza kutetemeka, likaacha kupanda, likawa linasukumwa nyuma tu kuelekea kifuani kwake. Akalirudisha chini kidogo, likapanda. Akaliinua, likatetemeka. Alifanya hivyo labda mara kumi bila kusema neno.

"Kwa hiyo alitakiwa ashushe pua," akasema hatimaye.

Ndiyo. Alitakiwa ashushe pua, hata kama masikio na mwili wake mzima vilikuwa vikimwambia kwamba anaanguka. Msiba wote umo katika sentensi hiyo moja, na katika Kiswahili tulicholipia haimo kabisa. Kuna kitu kingine kinachouma zaidi kwa anayekijua kisa hiki. Mwendo uliopimwa uliposhuka mno, kompyuta iliona vipimo haviaminiki ikanyamaza. Rubani aliposhusha pua kidogo, yaani alipofanya jambo sahihi, vipimo vikarudi na onyo likaanza upya. Yaani alipokosea palikuwa kimya, na alipoanza kupatia akapigiwa kelele. Wazia watu watatu katika chumba kile, nahodha akiwa ametoka kupumzika na kukuta ndege inashuka, wakipokea ishara za namna hiyo kwa dakika tatu na ushee. Mwenye kuelewa hilo atajua kwa nini ajali hii ilibadilisha mafunzo ya marubani. Mwenye kuambiwa kwamba injini ilizimika ataondoka na nini? Ataondoka na hofu ya injini.

Nilirudisha kipindi nyuma nikasikiliza tena kwa kalamu mkononi. Tafsiri hiyo ya kuzimika kwa injini ilitokea kila mahali. Kwenye mchoro unaoonyesha bawa na mistari ya hewa ikiachana nalo, ambapo hakuna injini hata moja pichani, msimulizi alikuwa bado anasema injini. Kuna mtu aliketi studio, akautazama mchoro wa bawa, akatamka injini, na hakujiuliza.

Siku ya pili nilipiga simu huduma kwa wateja. Nilijieleza kwa adabu, nikataja dakika na sekunde. Dada aliyepokea alinisikiliza, nikasikia vidole vyake vikigonga kibodi, halafu akasema, "Kaka, vipindi hivyo ni vya burudani tu. Wateja wengine hawajalalamika." Nikamweleza kwamba si burudani, kwamba watu 228 walikufa, na kwamba aliyeligundua kosa ni mama yangu mzazi ambaye hajui Kiingereza. Akacheka. Akaniuliza, "Kwani bibi anataka kurusha ndege?"

Simu ilikuwa kwenye spika, na mama alikuwa pale mezani akichambua mchele. Hakusema kitu. Aliendelea kutoa chuya na vijiwe ungoni, kimoja kimoja.

Tangu siku ile siwezi kuizungumzia huduma hii bila kupandwa na hasira, na ninajua kwamba hasira hiyo inanifanya nione ubaya hata palipo pa kawaida. Picha hukwama jioni, na hilo huenda ni tatizo la mtandao wa huku kwetu. Malipo hukatwa siku moja kabla ya kifurushi kuisha, jambo ambalo nilikuwa nimelizoea. Sasa yote yananiudhi. Lakini hata nikiweka kando dharau ile, ninabaki na hilo neno la uzembe, nalo linanichoma karibu sawa na la injini.

Uchunguzi wa ajali za ndege duniani unaongozwa na kanuni moja ambayo mataifa yamekubaliana, nayo ni kwamba shabaha yake ni kuzuia ajali nyingine, si kumgawia mtu lawama. Ripoti ya mwisho ya Wafaransa, iliyotoka mwezi Julai 2012, haikuishia kwa vijana wale wawili waliokuwa kwenye viti. Iliiangalia mirija iliyoziba, ikauangalia mfumo wa onyo, ikaangalia mafunzo ambayo hayakuwahi kuwaandaa marubani kuongoza kwa mkono ndege kubwa ikiwa juu kiasi kile. Kiingereza husema kosa la rubani. Kosa si uzembe. Mwanafunzi wangu akikosea kuhamisha alama ya kutoa amekosea; asipofanya kazi kabisa ndipo amezembea. Sisi tuna ugonjwa wa zamani wa neno hili. Kila basi linapoanguka, kabla miili haijafika hospitalini, tunatangaziwa uzembe wa dereva na habari inafungwa, na barabara ile ile, kona ile ile, inasubiri basi jingine. Nilitumaini vipindi hivi vingetufundisha kuuliza zaidi ya hapo. Mtafsiri amevichukua, akavivisha nguo yetu ile ile iliyochakaa.

Sikubali pia utetezi kwamba Kiswahili hakina neno. Sauti ya kompyuta ingeweza kusema, "Mabawa hayabebi! Mabawa hayabebi!" Ni maneno mawili, yanatamkika kwa haraka, na mtoto anayaelewa. Mama mwenyewe alikuwa ameshalitumia neno la kubeba wiki moja kabla, bila kufundishwa na mtu.

Nilikuwa nimefikia hapo, nikiwa nimeamua kuandika kwamba asiwepo mtu wa kulipia huduma hii, ndipo mama akaomba tutazame kingine kabla kifurushi hakijaisha. Nikakubali kwa shingo upande. Kilikuwa kipindi cha manusura, kile kisa cha Peru cha mkesha wa Krismasi mwaka 1971, cha msichana wa miaka 17, Juliane Koepcke, ambaye ndege yake ilipigwa na radi ikasambaratika angani, akaanguka kama mita 3,000 akiwa amefungwa mkanda kwenye kiti chake, mpaka ndani ya msitu wa Amazon. Watu walikuwa 92. Alibaki yeye peke yake. Mama yake alikuwa ameketi kando yake.

Sasa niseme ukweli wote: tafsiri ya kipindi hiki ni kazi ya kujivunia. Msimulizi ni mwanamke, kwa lafudhi yake ningesema ni mtu wa Unguja au Tanga, na aliyemwandikia maneno ni mtu anayejua lugha. Hakusema mfupa wa bega umevunjika, alisema mtulinga. Aliposimulia namna msichana alivyofuata kijito, kwa kuwa baba yake alimfundisha kwamba maji yakifuatwa huelekea kwa watu, alisema "akayafuata maji yanakokwenda kunywewa", na mimi niliyekisikia kisa hicho kwa Kiingereza mara mbili sikuwahi kukisikia hivyo. Siku 11 za kutembea zilisimuliwa bila kelele na bila muziki kuzidi maneno.

Kisha pakaja pale alipokuta kibanda na boti mtoni, mkono wake ukiwa na jeraha lililoingia funza, akachukua petroli na kuimimina ndani ya kidonda ili watoke, kwa kuwa aliwahi kumwona baba yake akimtibu mbwa namna hiyo. Mama alishika mkono wake mwenyewe juu ya kiwiko. "Tulimfanyia hivyo ng'ombe wa baba kwa mafuta ya taa," akasema. "Mdogo wangu ndiye aliyemshika pembe." Ni mara chache sana mimi kumsikia akimtaja mjomba akiwa hai, akifanya jambo, badala ya kumtaja akiwa ndani ya meli. Aliendelea kuzungumza juu ya ng'ombe yule mpaka kipindi kikaisha, na sikukisimamisha.

Kwa hiyo hukumu yangu imenivurugikia mikononi. Labda mtafsiri wa kipindi cha 447 alipewa maandishi bila picha, akapewa na usiku mmoja wa kuyamaliza. Labda. Lakini bado mtu fulani alikiangalia kabla hakijawekwa, au alipaswa kukiangalia, na yule dada aliyesimulia kisa cha Peru anathibitisha kwamba watu wenye uwezo wamo humo humo ndani. Hilo linanikasirisha zaidi, si pungufu. Kama wasingekuwa na mtu ningewahurumia.

Nimewaandikia barua ya kurasa mbili yenye kila sentensi iliyokosewa, dakika yake, na pendekezo langu la Kiswahili. Sijajibiwa. Anayetaka kulipia kwa ajili ya vipindi vya manusura alipe, hatajuta. Vya uchunguzi wa ndege avitazame kwa Kiingereza kama anakijua, na kama ana mzazi asiyekijua, akae karibu yake kama nilivyokuwa nikikaa mimi. Kifurushi chetu kinaisha wiki ijayo. Nilikuwa nimeapa kwamba sitalipa tena, lakini mama ameshaniuliza iwapo yule dada amesoma visa vingine, navyo viko viwili. Nitalipa mwezi mmoja. Nitakifungua tena kipindi cha 447, niende moja kwa moja mpaka pale kompyuta inapoanza kutoa onyo, na ikisema injini, nitafunga akaunti siku hiyo hiyo.